Usukani wa Kumwangushia Rubani

Bombambili, Songea
8 Machi 1998

Mpendwa mdogo wangu Domina,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha fimbo ya kuchezea ndege ya kompyuta, kilichotokea jana jioni hapa nyumbani baada ya marehemu kuugua kwa muda mfupi. Marehemu alivunjika shingo mikononi mwangu akijaribu kutua. Ameacha kompyuta moja, printa moja isiyo na wino, na mlezi mmoja mwenye kitambi. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote wa Namtumbo, Dar es Salaam na popote pale walipo. Mazishi yameshafanyika: wifi yako Leticia kaitupa shimoni pamoja na maganda ya mihogo, wala hakuvaa kanga nyeusi.

Umeshacheka? Haya, sasa tuzungumze.

Kompyuta hii niliinunua kwa mafao, waliponipunguza kazini pale uwanja wa ndege, nikasema nitawachapia watu kadi za harusi na barua za kuomba kazi. Watu wa Bombambili wanaoana bila kadi, na kazi za kuomba hakuna. Basi muda unaobaki, ambao ni karibu wote, naruka. Mle ndani mna mchezo wa kuendesha ndege, na si wa kitoto. Una saa zote za rubani, una upepo, una mnara. Uwanja wa kuanzia ni wa Wamarekani, uko kando ya ziwa, mimi nimeubatiza Songea. Kuna jumba lao moja refu jeusi. Hilo ni mlima Matogoro.

Mwezi wa nane tunaweka msalaba kwenye kaburi la mama, na Fulgence anakuja. Nami nataka siku hiyo, msalaba ukishasimama na watu wakishakula, nimkalishe binamu yetu mpendwa, rubani wa kampuni binafsi mwenye miwani ya jua, mbele ya kompyuta yangu, aanguke. Aanguke mbele ya katekista, mbele ya mama mdogo Ludovika, mbele ya kila aliyecheka.

Wewe siku ya mazishi ulikuwa jikoni, hukuona yote. Nikusimulie tena, maana kila nikisimulia napata nguvu. Mama hajafukiwa sawasawa, Fulgence kachukua miiko miwili ya kusongea ugali, kasimama katikati ya wafiwa, kaanza kuongoza ndege kama nilivyokuwa nikiongoza mimi: njoo, njoo, kushoto kidogo. Halafu akafukuza mbuzi wa uwanjani. Halafu, na hapa ndipo aliponiua, akaendelea kupunga miiko akitazama juu, akipungia ndege isiyokuja. Watu wakaanguka kwa kicheko. Nami nikacheka, maana mtoto wa mjomba ni mtani, na mtani hakasirikiwi msibani. Mwaka mzima sasa nikipita sokoni mtu ananyoosha mikono miwili: "Miiko! Lete ndege!" Jina la Athanasi limekwisha, Domina. Nimebaki Miiko.

Kwa hiyo nahitaji chombo. Si fimbo tena. Nataka usukani wenyewe, kama wa ndege, wenye mkono wa moto pembeni, ule wa kuongezea nguvu ya injini. Nenda kwa yule Kajetani wa Kariakoo aliyeniuzia kompyuta, ulizia.

Leticia anakusalimu. Anasema umwombee.

Kaka yako,
Athanasi


Kurasini, Dar es Salaam
29 Machi 1998

Kaka Athanasi, shikamoo.

Barua nimeipata, na nimeisoma kazini mpaka wagonjwa wakaniuliza, nesi kulikoni? Poleni na msiba wa fimbo. Sisi hatujambo, ila Elnino haijatuacha, barabara ya kwangu imekuwa mto.

Kuhusu Fulgence nitasema neno moja halafu ninyamaze. Utani hauna kesi. Ulipigwa mbele ya watu, mpige mbele ya watu, ndiyo sheria ilivyo. Lakini kaka, wewe huonekani kama mtu anayetaka kutania. Unaonekana kama mtu anayenoa panga. Nimemaliza.

Kwa Kajetani nilikwenda. Alianza kunieleza nikamwambia, baba, mimi ni nesi, sema polepole. Kumbe vitu vipo vya aina tatu, vyote mtumba kutoka Ulaya. Kuna fimbo kama yule marehemu, imara kidogo. Kuna usukani wa plastiki unaobanwa kwenye ukingo wa meza, na mkono wa moto umeota ubavuni mwake. Na kuna usukani mkubwa wenye mhimili wa chuma, mzito kama kinu, na mikono ya moto inauzwa peke yake, mitatu kwenye kisanduku chake. Anasema huo wa tatu ndio wanaofanyia mazoezi watu wa kweli. Mimi ningekuchukulia wa plastiki tukalala usingizi. Sema wewe.

Je, una meza ya kubania kitu cha namna hiyo? Ile ya mninga ya baba ni nene kama ukuta.

Mdogo wako,
Domina


Bombambili
14 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Chuma. Mzito kama kinu, huohuo.

Nieleze sababu usije ukadhani ni ulimbukeni tu, ingawa ulimbukeni nao upo. Nikimwangusha Fulgence kwa fimbo, atasema: aa, binamu, sisi hatuendeshi kwa fimbo za watoto. Watu watakubaliana naye. Nikimpa usukani wa plastiki atasema unalegea. Mimi sitaki abaki hata na tundu la kupitishia udhuru. Nataka akalie kiti akisema kwa mdomo wake, "Lo, kitu chenyewe hiki!" Halafu aanguke na ulimi wake.

Meza ipo. Ile ya mninga umesema kweli, vibanio haviipati. Lakini meza ya cherehani ya Leticia ina ukingo mwembamba, nimeshapima kwa vidole. Tena ina ubao wa kukanyagia chini. Miguu itajiona nayo iko kazini. Leticia anauliza nguo za komunyo atazishonea wapi. Nimemwambia ni mpaka mwezi wa nane tu, kuna jambo la ukoo. Akasema, "Jambo la ukoo, au jambo la Miiko?" Mke wangu wa ndoa, Domina. Hata yeye.

Jana nimepita mbele ya kilabu cha pombe ya komoni pale chini. Hironimus, katekista mzima, mtu anayetufundishia watoto amri kumi, kaninyooshea mikono miwili, kikombe kikiwa katika mmojawapo. Nimemcheka. Moyoni nimemwekea kiti cha mbele.

Athanasi


Kurasini
17 Mei 1998

Kaka, shikamoo.

Nakuandikia kutoka kitandani, mguu wa kulia uko ndani ya plasta mpaka gotini. Usishtuke. Usukani nilikuwa nimeshaufikisha nyumbani salama, ukaniongopea kwamba kazi ni nyepesi. Nilipoirudia ile mikono ya moto, nimetoka dukani kwa Kajetani na boksi kifuani, sioni chini, nikakanyaga tope la Kariakoo. Mguu ukaenda huku, mimi huku. Boksi sikulidondosha. Watu walinipongeza.

Daktari ameniangalia jinsi mfupa ulivyokatika akasema safari ya basi mpaka Songea, mwaka huu, nisahau. Kwa hiyo msalaba wa mama utasimama bila mimi. Nimelia siku nzima, nimenyamaza, sasa nimezoea kidogo. Utanitupia udongo kwa mkono wako.

Vitu vyote nimewapa watu wa basi, viko kwenye boksi la maziwa, nimeandika USIGEUZE ingawa najua watageuza. Katika kuuchagua nimepata msaada wa mtaalamu mmoja, anapita kunijulia hali nikiwa hivi. Ni mtu anayevielewa vitu hivyo. Ndiye aliyeurudisha kwa Kajetani ule niliouleta kwanza, akachukua mwingine. Aliushika, akauvuta wote mpaka mwisho, akauachia, akatazama kama unarudi katikati wenyewe. Wa kwanza ulikwama njiani. Huu unarudi. Akanambia, "Usukani usiorudi katikati ni kama mlevi, utamrekebisha safari nzima." Kwa hiyo shukuru.

Ukikusumbua niandikie, nitamwuliza.

Domina


Bombambili
2 Juni 1998

Mdogo wangu mpendwa, shujaa wetu wa tope,

Pole tena na tena. Kila nikiutazama usukani nauona mguu wako. Leticia amesema novena ni ya kwako, mimi nitajiombea mwenyewe.

Ni mzuri, Domina! Mweusi, baridi, ukiuvuta unakuja kama unavuta ng'ombe anayekubali. Mikono mitatu ya moto: ukiisukuma mbele injini inapiga kelele, ukiivuta inapoa. Nimeubana kwenye cherehani, nimekaa, nimetulia, nimefunga hata mkanda wa suruali. Na hapo ndipo ulipoishia utukufu, maana plagi haiingii.

Nyuma ya kompyuta kuna tundu moja tu linalofanana nayo, nami nimesukuma kiume. Nimechomoa hata waya wa skrini kuipisha. Pini zimeanza kupinda nikaacha. Muulize mtaalamu wako. Kisha kuna jambo la pili: nilimpelekea fundi redio wa sokoni aupime, akasema ndani umejaa vumbi. Umesafiri na magunia ya dagaa, hata harufu unayo.

Mshukuru sana huyo bwana. Kuna watu bado wana utu, wanamsaidia mtu wasiyemjua, tofauti na wengine wanaojua kuruka juu tu na kuwacheka walio chini. Fulgence hata siku moja hajawahi kunieleza kidude kimoja cha ndege. Nilisimama mbele ya ndege zake na vibao vyangu, jua na mvua, hakuwahi kusema, binamu panda uone.

Naye anakuja, namsubiri.

Athanasi


Kurasini
20 Juni 1998

Kaka,

Mtaalamu amecheka kwanza, kisha amesema hivi.

Tundu ulilosukuma ni la skrini, usisukume tena. Pini idadi ni ileile, ila za skrini zimepangwa safu tatu na za usukani safu mbili, kwa hiyo hata Samsoni haingizi. Tundu la safu mbili linakaa kwenye kadi ya sauti, na kompyuta yako haina kadi hiyo. Ndiyo maana siku zote inaruka bubu. Marehemu fimbo bila shaka alikuwa na plagi ya namna nyingine. Kadi nimeiweka humu, imefungwa kwenye soksi ya mtoto. Ukishaiingiza, kuna ukurasa wa kuipimia: unazungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mwisho kulia, unavuta, unasukuma, kompyuta inajifunza mipaka yake. Usiikatishe.

Kuhusu vumbi: ndani mna kidude sawasawa na kile cha kuongezea sauti ya redio. Kikiwa kichafu redio inakwaruza. Usukani wako nao utakwaruza, ndege itatetemeka kama ina malaria. Fungua chini kwa bisibisi, dondoshea spiriti kidogo, zungusha mara nyingi, acha ikauke. Nyaya zake ni nyembamba, usizivute.

Mwisho ameuliza, huyo kaka yako anamwandalia nani chombo hiki? Nimesema ni starehe tu. Akanitazama.

Kuhusu uliyoyaandika juu ya Fulgence: kaka, uliwahi kumwomba akupandishe?

Domina


Bombambili
11 Julai 1998

Domina,

Sikuwahi kumwomba. Mtu hamwombi mtani wake kiti. Angetakiwa aone.

Sasa soma ukiwa peke yako.

Kadi imeingia, na ndege sasa inanguruma mpaka kuku wa Chiku jirani wanakimbia. Nikapima mipaka kama mtaalamu alivyosema. Ikatetemeka kwa malaria, kama alivyosema. Nikafungua, nikatia spiriti, na kwa mikono yangu hii ya kuchungia mbuzi nikakata waya. Usimwambie mtaalamu. Nikamwita fundi redio, akauchomelea kwa risasi, tukafunga, nikawasha, nikaruka. Nageuza kushoto, ndege inalala kulia! Nageuza kulia, inalala kushoto! Nimeingia Matogoro kabla sijasema Mungu wangu. Kumbe kile kidude kina miguu mitatu, na waya wa pembeni fundi kauchomelea mguu wa upande wa pili.

Akasema, "Mzee, nirudishie?" Nikamwambia, "Subiri."

Unanielewa, Domina? Usukani kwa macho ni mzima. Ukiushika ni mzima, unarudi katikati kama bikira wa kwaya. Lakini mtu aliyefundishwa Ulaya, mwenye mikono iliyozoea, akiushika na kuruka, kila anavyojitahidi ndivyo anavyojimaliza! Ndege ikilala kidogo kushoto, atarekebisha kulia kama alivyofundishwa, nayo itazidi kulala. Atarekebisha zaidi. Usomi wake wote utamvuta chini. Halafu mimi, Miiko, nitakaa kiti kilekile, nitashika usukani uleule, nitaruka na kutua. Kwa sababu mimi tangu siku ile nafanya mazoezi kinyume. Kila jioni umeme ukiwepo. Nimeshazoea, natua mpaka Leticia ananipigia makofi ya mkono mmoja, mwingine umeshika sufuria.

Sijawahi kufurahi hivi tangu mama afe. Ni dhambi? Labda. Nitaiungama Septemba.

Athanasi


Kurasini
26 Julai 1998

Kaka Athanasi,

Usifanye.

Kupunga miiko ni utani, hata kama uliuma, na najua uliuma. Kumpa mtu chombo ulichokipindisha kwa siri ni hila. Mtani anapigwa akiwa amefumbua macho. Ukitaka, chukua miiko wewe, mwigize anavyotembea na miwani yake, mwigize anavyosema "kimsingi" kila neno la tatu, watu watacheka mpaka Namtumbo. Una kipaji hicho kuliko yeye.

Tena ni siku ya mama. Nisingependa kuwa kitandani Kurasini nikijua watu wamemzunguka mama wakati mmoja wetu anachezewa shere na mwingine.

Sijamwambia mtu. Lakini usifanye.

Domina


Bombambili
17 Agosti 1998

Mpendwa Domina,

Msalaba umesimama, umenyooka, umeandikwa Emerensiana bila kosa. Udongo wako niliutupa kwa mkono wangu wa kulia, nikataja jina lako kwa sauti. Misa ilikuwa nzuri. Watu walikula, pombe ya ulanzi ilitosha.

Na Fulgence ameanguka!

Amekaa, ameruka, ameanguka ziwani kama debe. Watu walicheka mpaka mama mdogo Ludovika akatolewa nje kupepewa. Kisha nikakaa mimi, nikaruka, nikatua. Katekista Hironimus mwenyewe ndiye aliyeanza: "Kapteni Athanasi!" Sasa nikipita sokoni ni Kapteni, Kapteni. Miiko amezikwa. Fulgence amerudi Dar kwa basi asubuhi yake, kimya.

Nimeshinda, mdogo wangu. Sina la kuongeza.

Kaka yako,
Kapteni Athanasi


Kurasini
3 Septemba 1998

Kaka, shikamoo.

Barua yako ni fupi. Wewe uliyeniandikia ukurasa mzima juu ya kifo cha fimbo, siku uliyoingoja mwaka mzima umeimaliza kwa mistari michache, na mwisho umesema huna la kuongeza. Mimi nimekujua tangu ukinibeba mgongoni, na sijawahi kukuona ukikosa la kuongeza.

Nami kuna jambo nimelificha, nilitoe kwanza. Mtaalamu ni Fulgence. Nilipovunjika mguu ndiye aliyekuja wa kwanza, kaniletea ndizi na gazeti. Alikuta usukani umelala pembeni ya kitanda. Nikamwambia ni wa kwako, unapenda mchezo wa ndege, basi. Alifurahi, kaka. Alisema, "Binamu anaruka?" Ndiye aliyekwenda kwa Kajetani kuurudisha ule wa kwanza uliokwama. Kadi ya sauti ni yeye. Soksi tu ndiyo yangu. Sikukwambia kwa sababu ungeurudisha, na yeye alinikataza nisimtaje. Alisema, "Akijua ni mimi hataruka."

Lakini habari ya waya sikumwambia. Naapa kwa msalaba ule ambao sijauona. Aliporudi nilimwuliza siku ilikuwaje, akasema, "Kaka yako ni rubani mzuri," akaomba maji.

Niambie ukweli.

Domina


Bombambili
20 Septemba 1998

Mdogo wangu Domina,

Barua yako ilikaa mezani siku kadhaa kabla sijaijibu. Leticia aliniona nikitembea nayo uani, akadhani kuna aliyekufa.

Haya, hivi ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya kula nilisimama nikagonga sahani. Nikasema, "Ndugu zangu, tuna rubani wa kweli hapa, na tuna ndege. Tungependa Kapteni aturushe." Sebule ikajaa, wengine wakachungulia dirishani. Hironimus nilimweka kiti cha mbele kama nilivyoahidi moyoni. Fulgence akavua miwani. Alipouona usukani alitabasamu, nami nikadhani anatabasamu kwa majivuno. Sasa najua alikuwa ameuona kabla. Akasema, "Lo, kitu chenyewe hiki," maneno yaleyale niliyoyataka. Damu ilinichemka kwa furaha.

Kisha akafanya kitu ambacho sikukitazamia. Hakusukuma moto. Alibonyeza kitufe, ndege ikaonekana kwa nje, imesimama. Akauzungusha usukani kushoto, taratibu, mpaka mwisho, huku anatazama bawa. Lile bapa dogo la mwisho wa bawa la kushoto lingetakiwa kunyanyuka. Likashuka. Akasimamisha mkono. Akarudia. Likashuka tena.

Domina, nilisimama mbele ya ndege miaka yote ile, na kila rubani kabla ya kuondoka aliyatikisa mabapa yale, juu, chini, juu, chini. Mimi nilidhani wananiaga. Nilikuwa nainua vibao vyangu, nawaaga. Nilikuwa nikifika nyumbani namwambia mama, leo rubani amenipungia mpaka mara mbili. Kumbe walikuwa wanapima usukani. Mtu yeyote wa ndege hupima, ndiyo kazi yao ya kwanza. Mimi niliyesimama karibu kuliko wote sikujua, na kwa kutojua huko nikatega mtego wangu palepale rubani anapotazama kwanza.

Fulgence akageuka akanitazama. Hakutazama watu, mimi tu. Nikaweka chini kikombe changu cha ulanzi. Nikasema moyoni, sasa atasema. Atasimama aseme, "Jamani, binamu ameupindua usukani." Nami nitakuwa Miiko mpaka kaburini, tena Miiko mwongo.

Akawageukia watu, akapaza sauti, "Haya, tokeni uwanjani, ndege inaondoka! Mwenye mbuzi ashike mbuzi wake!" Watu wakaanza kucheka. Akasukuma moto.

Akapaa. Ndege ikalala kidogo kushoto, akairudisha. Kinyume, Domina, kwa mikono ya kinyume, palepale, kitu nilichojifunza mimi kwa wiki tano. Akaishikilia imenyooka juu ya maji kwa muda, sijui muda gani, wa kunitosha mimi kuona kwamba anaweza. Halafu akaachia. Akaanza kupiga kelele, "Mama yangu! Shangazi Emerensiana nipokee!" Akavuta huku, akavuta huku, kwa makusudi, ndege ikaingia ziwani. Naye akajitupa chini na kiti, miguu juu, akalala sakafuni amekufa. Ludovika akachukua mwiko, akamsimamia, akamwongoza mbinguni: kushoto kidogo, kulia kidogo, simama! Ndipo alipohitaji kupepewa.

Kisha nikakaa mimi nikatua, na aliyepiga makofi ya kwanza ni yeye, kutoka sakafuni. Hironimus alifuata tu.

Usiku sikulala. Asubuhi nikambebea begi mpaka stendi. Nikamwambia, "Uliona." Akasema, "Niliona nini?" Nikasema, "Bawa." Akaweka begi kwenye kiti, akashuka tena akasimama nami.

"Binamu, ndege ya hivyo hairuki. Rubani anashuka, anasema mbovu, anakwenda kunywa chai."

"Sasa mbona uliruka?"

"Kwani ile ilikuwa ndege? Wewe ulikuwa umenichinjia. Mtani akichinjiwa hakatai nyama." Akatazama matairi. "Ile ya miiko, ile ya mwisho, ya kutazama juu. Nilipoifanya niliona uso wako, nikashindwa kuirudisha. Watu walikuwa wameshacheka. Kimsingi, sasa tumelingana."

Nikampa mkono. Basi likaondoka.

Hatujalingana, Domina. Hilo ndilo linaloniwasha, na ndiyo sababu barua yangu ilikuwa fupi. Angekataa kuruka, ningemwita mwoga mpaka leo, na ningelala vizuri. Angenianika mbele ya watu, ningemchukia kwa raha zangu zote mpaka uzee. Lakini kisasi changu chote nilichokichonga tangu mwezi wa tatu amenipa kwa mkono wake, kama mtu anavyomwachia mtoto ashinde mieleka. Ukinyimwa kisasi unaweza kukitafuta tena. Ukipewa, unakitafuta wapi? Na sasa unaniambia hata usukani alinichagulia yeye. Nimesoma mstari huo nikasema, basi, nimalizeni.

Sijamsamehe. Nakwambia usije ukamwambia nimelainika. Ila nimeshindwa pia kumchukia kama zamani. Nikianza, naiona ile ndege imenyooka juu ya maji.

Sokoni wanaendelea kuniita Kapteni. Nami nimemwita fundi redio, akaurudisha waya kwenye mguu wake. Nilidhani nitaruka sasa kama watu wengine. Nimekaa, nimepima kwanza kushoto na kulia huku natazama bawa, bapa limenyanyuka ipasavyo. Nikapaa. Ndege ikalala, nikairekebisha, ikalala zaidi. Mikono yangu inakwenda kinyume. Niliifundisha mno. Usukani umenyooka, chombo kizima hakina kosa hata moja, na kila jioni naanguka ndani ya ziwa la Wamarekani mbele ya mke wangu.

Jana Leticia alisimama mlangoni akaniangalia nikizama. Akasema, "Kapteni, si ulikuwa unajua?" Nikamwambia nilikuwa najua, ila nilijua vibaya. Akasema basi nianze upya, polepole, bila kumwalika mtu.

Nimeanza. Kwa umri wangu, kujifunza upya kushoto ni wapi si kazi ya siku moja.

Kaka yako,
Athanasi